Dukani kwa Kama Mpya

Waranti iliisha jana yake. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonipandisha hasira, na bila hasira ile nisingekwenda mahali pale jioni, peke yangu, nikiburuta mashine ya baba barabarani kama mwanamke aliyefukuzwa pamoja na vyombo vyake.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kitu kimeharibika, unakirudisha kilikotoka. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya majengo na taa za barabarani zilikuwa hazijawaka. Magurudumu ya mashine yaligonga kila ufa wa lami, ko, ko, ko, na watu walikuwa wananitazama usoni na kunipisha. Walifanya vizuri. Siku ile hata ng'ombe angenipisha.

Mashine ilikuwa ya oksijeni. Sio mtungi. Ni ile ya kuchomeka ukutani, ukubwa wa kabati dogo la kando ya kitanda, inayovuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kuipeleka kwenye pua ya mgonjwa kwa mpira mwembamba. Mapafu ya baba yaliliwa na vumbi la kiwanda cha saruji, alikokuwa msimamizi wa zamu mpaka alipostaafu. Hospitali walimlaza, wakamchoka, wakanirudishia wakisema kitanda chake kinasubiriwa na mwingine, nikamtafutie mashine ya kutumia nyumbani. Mpya hatuiwezi. Nikanunua iliyotumika.

Aliyeniuzia anaitwa Kama Mpya. Mtaa mzima wa vifaa vya umeme unamwita hivyo, kwa kuwa ndilo neno lake. Friji kama mpya. Redio kama mpya. Alinipa waranti ya miezi sita, akabandika stika nyekundu juu ya skrubu moja ya nyuma, akaniambia stika ikichanika waranti imekufa. Nilimwambia sina muda wa kuchokonoa vitu vya watu.

Lazima niseme ukweli: mashine ilifanya kazi. Usiku na mchana ilikuwa inakwenda... fuuu... haaa... fuuu... haaa... mpaka tukawa hatuisikii tena. Baba, ambaye hajapata kumsifu mtu tangu nimjue, aliizoea akawa anaitania. Mara nyingine ilikuwa inakwama katikati, inatulia kidogo, halafu inaendelea, naye anasema, "Mwenzangu leo ana mafua." Tunacheka. Asubuhi moja alilalamika kwamba hewa inayotoka kwenye mpira inanuka kitunguu. Nikamwambia labda pua yake imezeeka kabla ya mapafu.

Siku iliyofuata baada ya waranti kuisha, mchana, mashine ilitoa pumzi moja ndefu.

Haaaaa...

Ikanyamaza.

Taa yake ya kijani ilikuwa bado inawaka. Umeme ulikuwepo. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka, nikaipiga kofi ubavuni, wapi. Midomo ya baba ikaanza kuwa ya bluu. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja mbio na mtungi mdogo wa akiba aliokuwa nao, akamfungia mpira wake puani, akakaa naye kitandani. Kisha akanivuta kando na kuniambia mtungi ule hautamfikisha asubuhi. Hospitali nilikopiga simu waliniambia nipige tena kesho.

Kwa hiyo mnaelewa nilikwenda na moyo gani.

Halafu mnijue vizuri. Kazi yangu ni dirisha la malalamiko, idara ya maji. Nimekaa nyuma ya kioo kile mpaka kiti kimechukua umbo langu, nikiwaambia watu haiwezekani. Neno hilo halinitishi hata kidogo, mimi ndiye ninayelipika. Najua "hapana" ya kwanza ni mazoea tu, ya pili ni uvivu, na ya tatu ndiyo inayoanza kuogopa. Na sheria naijua. Waranti ni ahadi ya muuzaji, lakini haki ya mnunuzi haikutoka kwa muuzaji, kwa hiyo ahadi yake ikiisha haki haiishi nayo. Kitu kikiuzwa lazima kifae kazi yake kwa muda unaoingia akilini, na ubovu uliofichwa ndani ni mzigo wa aliyeuza. Nilikuwa nayarudia maneno hayo njia nzima, nayanoa.

Mlango wa chuma wa duka ulikuwa umeshushwa nusu. Nikainama, nikaisukuma mashine mbele, nikaingia.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Maduka yale yote hunuka risasi ya kuchomelea nyaya na plastiki iliyoungua. Hili lilikuwa linanuka chumba kilicholala watu wengi, madirisha yamefungwa. Harufu ya midomo. Sikuisikia nilipokuja mara ya kwanza, maana nilikuja mchana na mlango ulikuwa wazi.

Televisheni zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zinawaka, hakuna hata moja yenye sauti. Mafriji yalikuwa yananguruma taratibu. Juu ya meza kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba kilichouzwa hakirudi. Nikakisoma, nikakigeuza kikatazama chini.

Nilimkuta mteja mwingine amekaa kwenye benchi, mwanamume mnene wa makamo, amepakata televisheni iliyofungwa kwa kitambaa cha kinyozi, kile cha kumvika mtu shingoni. Kumbe alikuwa kinyozi kweli. Aliniambia televisheni ile ndiyo iliyokuwa inamletea wateja jioni za mpira, na imezima, na tangu izime vijana wananyolewa kwa jirani yake mwenye mkono mzito wanatoka na vichwa vyenye matuta. Nikamuuliza waranti yake. Akacheka.

"Iliisha, kesho yake ikazima," alisema. "Dada, hivi vitu vina kalenda ndani."

"Shusheni sauti," mtu akanong'ona.

Kama Mpya alikuwa amesimama nyuma ya meza. Sikumwona akija. Ni mwembamba, shati amelifunga vifungo hadi kooni, na muda wote huzungumza kwa kunong'ona, mdomo haufunguki vizuri.

"Shusheni sauti. Watu wanafanya kazi."

Nikatazama huku na huku. Mbali na sisi watatu, duka halikuwa na mtu.

Nilimpa yote niliyokuja nayo. Sitayarudia hapa, ila nilimpa kwa mpangilio, kwa sauti ya dirishani, na kinyozi akawa anaitikia kila baada ya sentensi kama yuko kwenye mahubiri. Kama Mpya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia waranti imeisha. Nikamwambia hiyo ni hapana ya kwanza. Akaniambia mtumiaji ndiye aliyeiharibu. Ya pili. Nikamwambia aifungue hapo hapo, mbele yangu na mbele ya shahidi, anionyeshe nilipoiharibu.

Akaigeuza mashine ionyeshe mgongo.

"Una hakika unataka kuona?"

Ilikuwa ya tatu, na nilidhani ni yeye anayeogopa.

Nikamwambia afungue.

Aliingiza ukucha chini ya stika nyekundu, akaibandua taratibu sana bila kuichana. Alipoitoa, mashine ilishusha hewa. Ya moto. Ikanipiga usoni na nikaijua ile harufu kabla sijajua naijuaje.

Kitunguu.

Akafungua skrubu moja moja, akaondoa kifuniko cha nyuma.

Hakukuwa na kitu ndani.

Sikilizeni. Hakukuwa na mota. Hakukuwa na chujio, wala bomba, wala nyaya. Waya wa umeme uliingia, ukapanda mpaka kwenye ile taa ndogo ya kijani, ukaishia hapo. Mpira wa baba ulitoka kwenye tundu lililotobolewa kwenye bati, tundu lenye ukubwa wa mdomo wa mtu aliyefumba nusu. Basi. Sehemu iliyobaki ilikuwa uwazi mtupu, na bati limelowa matone, kama kioo unapokipulizia. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na alama za vidole. Nyingi. Zimejiburuta kutoka juu kwenda chini.

Zilikuwa upande wa ndani.

Kinyozi akachungulia juu ya bega langu, akapiga kofi paja lake. "Wamekula mashine yote, dada. Wamekuachia kasha." Kwake yeye ulikuwa wizi wa kawaida na alishaanza kunipa pole.

Ila yeye hakulala chumba kimoja na kasha lile kwa miezi sita. Mimi nililisikia likipumua. Nilimwona baba akinenepa kwa hewa yake.

Nikainua macho, nikazitazama zile televisheni ukutani. Watu walikuwa wanafungua midomo humo bila sauti. Nikafuata nyaya zao kwa macho, moja baada ya nyingine. Plagi zote zilikuwa zinaning'inia hewani. Hakuna hata moja iliyochomekwa popote.

Nikaishika meza kwa mikono miwili.

"Aliyekuwemo muda wake umeisha," Kama Mpya akaninong'oneza, karibu kabisa, kinyozi asisikie. "Waranti ndiyo muda wenyewe. Ukifika nikimzuia ni dhambi. Mimi sio mtu mbaya."

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Mimi nikaona midomo ya baba. Nikaona mtungi mdogo na mshale wake unaoshuka. Na nitawaambia jambo jingine ambalo mtalikataa: nilikuwa bado na hasira. Woga ulikuja ukaikuta hasira imeshakaa kwenye kiti.

Nikamwambia sheria inanipa vitatu. Kutengenezewa, kurudishiwa fedha, au kubadilishiwa.

Kutengeneza hawezi, alisema. Kisha akafungua droo na kuweka fedha zangu zote juu ya meza, zikiwa zimefungwa kwa mpira, bila kubishana. Miaka yote ya dirishani sijaona mtu akirudisha fedha bila kubishana. Alikuwa ameshaziandaa. Alizisogeza kwangu kwa kidole kimoja, na jicho lake lilikuwa linaniomba nizichukue. Nililiona hilo. Siwezi kusema sikuliona.

Lakini fedha hazipumui. Maduka mengine yalikuwa yameshafungwa, na mashine kama ile haipatikani kwa usiku mmoja.

"Badilisha," nikasema.

"Kilichobadilishwa hakina waranti."

"Sijali."

"Hujanielewa." Akaninong'oneza polepole, kama anamfundisha mtoto. "Hakina waranti. Hakina mwisho. Nisipobandika stika, hatoki."

"Badilisha," nikasema tena.

Akazirudisha fedha kwenye droo. Akalifunga kasha, skrubu moja moja, akapangusa matone kwa kiganja. Alipomaliza aliniambia kwamba ni lazima lipelekwe chumba cha nyuma, na yeye haruhusiwi kulipeleka. Hakusema haruhusiwi na nani. Hulipeleka mteja mwenyewe, yule aliyekuja kulalamika.

"Kwa nini mteja?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mdomo haukufunguka.

"Wasiolalamika hawana pumzi," alisema. "Ninyi mnazo nyingi."

Mlango wa nyuma ulikuwa na pazia zito la rangi ya matope. Lilikuwa linasogea. Linavutwa ndani kidogo, linaachiwa. Linavutwa, linaachiwa. Nikajaribu kujiambia ni feni.

Fuuu... haaa... fuuu... haaa...

Sio mmoja. Wengi. Wamepishana, kama watu waliolala chini sakafuni wamebanana. Nikashika mpini wa mashine. Nikavuta hatua moja. Nikavuta ya pili. Ya tatu sikuivuta, nikabaki nimesimama katikati ya duka, mimi na mdomo wangu wote.

Kinyozi akadhani uzito ndio ulionishinda.

Akaiweka televisheni yake kwenye benchi kwa uangalifu, akakikunja kile kitambaa juu yake, akaja. Jasho lake lilikuwa linanukia poda ya watoto, ile wanayowapaka watu shingoni baada ya kuwanyoa.

"Niachie mimi, dada," alisema. "Wewe una mgonjwa, tuanze na wewe. Mimi nauguza mpira tu."

Ningeweza kusema neno moja. Mdomo ulikuwa wangu na haukuwa umefungwa. Nilimtazama Kama Mpya, naye alikuwa amegeuka anapanga rimoti, hatazami upande wetu. Pale hakuna aliyenilazimisha.

Nikaachia mpini.

"Asante, kaka," nikasema.

Aliiinua mashine nzima, hakuiburuta, akaibeba kifuani, akalisukuma pazia kwa bega. Nilisikia viatu vyake kwenye saruji. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya utani, "Jamani, mbona huku giza, hamlipi umeme?"

Kisha akasema, "Shikamooni."

Watu wakamwitikia.

Pazia likaacha kusogea. Lote. Mafriji yakanyamaza. Zile televisheni ukutani zikatulia, na watu wa ndani yake, naapa, wakageuza nyuso kutazama upande mmoja, upande wa pazia.

Kimya...

Kimya...

Halafu, chini ya pazia, mashine ikatoka yenyewe, magurudumu yanalia, ikaja taratibu mpaka miguuni kwangu ikasimama. Waya wake ulikuwa unaburuzika nyuma, haujachomekwa popote.

Fuuu... haaa... fuuu... haaa...

Nyuma, juu ya ile skrubu, hapakuwa na stika.

Nilitoka na mashine yangu. Njia nzima ilikuwa inapumua, haraka haraka, kama mtu aliyeamshwa ghafla, na mimi nilikuwa nakohoa kwa nguvu ili wapita njia wasiisikie. Safari hii hakuna aliyenipisha, kwa hiyo nadhani uso wangu ulikuwa umebadilika. Televisheni ya kinyozi niliiacha pale kwenye benchi. Ningeifanyia nini?

Baba alipata hewa kabla mtungi haujaisha. Midomo ilirudi rangi yake. Jirani muuguzi alifurahi, akanisifu kwamba wanawake kama mimi ndio wanaotakiwa, wasiokubali kuonewa na wafanyabiashara. Nikampa chai.

Mtanihukumu. Hukumuni. Aliyewahi kukaa kitandani akihesabu mbavu za mzazi wake zikipanda na kushuka aje mbele, wengine nendeni mkalale. Nilidai haki yangu na nikaipata. Yule bwana alijitolea mwenyewe, na mimi nilimshukuru.

Ila baba alikuwa msimamizi. Maisha yake yote alizisikiliza mashine na watu wanaozisukuma. Jioni ya kwanza alitega sikio, akakunja uso.

"Huyu sio yule," alisema.

Nikamwambia wamebadilisha mota. Mashine hii ilikuwa na mluzi mdogo, mwembamba, mwishoni mwa kila pumzi, na baba alikuwa anaungoja huo mluzi macho yakiwa darini. Baada ya siku kadhaa akaacha kutania. Nikimkuta ameuvua mpira puani, namvalisha. Anauvua, namvalisha. Tuligombana kwa mikono bila maneno, mimi na mzee asiyeweza kuinua kikombe, na nilimshinda kila mara.

"Analia," aliniambia mara moja. "Zima, mwanangu."

Nikamwambia hakuna anayelia, ni unyevu kwenye mpira. Kisha nikauchomoa waya ukutani, nimpe moyo kwamba ni chombo tu kinachozimwa kikapumzika. Haikuzima. Tukatazamana. Tangu hapo baba hakuniambia neno tena, na waya niliurudisha kwa ajili ya wageni tu.

Sasa, jioni moja, nilikuwa naanua nguo nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, amevaa sandali zilizolika upande mmoja kwa kutembea. Alinisalimia kwa adabu. Aliniambia mume wake ni kinyozi, alikwenda kurudisha televisheni dukani na hajarudi nyumbani. Mwenye duka alimwambia alikuja, akahudumiwa, akaondoka. Polisi walimwambia waume huondoka, azoee. Lakini muuza karanga wa ng'ambo ya barabara alimwambia kwamba jioni ile mume wake aliingia peke yake, baadaye akaingia mwanamke anaburuta mashine, na mwanamke tu ndiye aliyetoka. Akawa anaulizia mtaa kwa mtaa nyumba zenye mgonjwa na mashine.

"Sikuja kugombana, dada," alisema. "Naomba nisikilize tu."

Nikamwambia haiwezekani. Nilimwambia mgonjwa amelala, simjui kinyozi yeyote, na kama ana malalamiko ayapeleke panapohusika. Nililisema lote kwa sauti ya dirishani na nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Hakunisukuma. Angenisukuma ningejua la kufanya. Alisimama pale pale, akainua kidevu, na juu ya bega langu akaita, wala sio kwa nguvu.

"Baba watoto."

Ndani, mashine ikanyamaza.

Nikasubiri pumzi inayofuata.

Haikuja.

Kitanda cha baba kikaanza kulia, springi zake zinagongana. Nikamsikia akivuta hewa isiyokuwepo. Na mimi nikamwambia yule mwanamke, "Nyamaza, unamuua baba yangu," na nilipolisema nikajua nimeshamwambia kila kitu.

Aliweka mkono mdomoni.

Kutoka chumbani sauti ikaja, kavu, haina upepo ndani yake. "Mfungulie." Ndilo neno la kwanza baba alilosema tangu niuchomoe ule waya. "Mfungulie, mwanangu."

Sikufungua. Nilibaki na mikono yangu kwenye mlango, nasikia kitanda.

Yule mwanamke alikuwa ananitazama, kisha anatazama gizani nyuma yangu, na nililiona wazo lile likipita usoni kwake. Angeita mara moja zaidi. Mara moja tu. Labda mumewe angetoka, labda asingetoka, lakini baba angekwisha. Alifungua mdomo na mimi nikafumba macho.

"Endelea na kazi, baba watoto," alisema taratibu. "Humo ndani kuna mgonjwa."

Fuuu...

Ule mluzi...

Haaa...

Kitanda kikatulia. Mwanamke akajifuta uso kwa kiganja, akakaa kwenye ngazi yangu bila kukaribishwa, kama mtu ambaye ametembea tangu asubuhi. Alisema mluzi ule ni wa puani, alivunjwa pua akiwa kijana, na usiku yeye hapati usingizi bila kuusikia. Hakunitukana. Nilikuwa nimeyaandaa majibu ya matusi yote ninayoyafahamu na hakunipa hata moja.

Baadaye akauliza jambo moja tu.

"Na yeye... waranti yake inaisha lini?"

Mimi ni mtu wa majibu. Nilitafuta moja.

"Miezi sita," nikamwambia.

Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Akanishukuru. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akasema siku hiyo atakuja mapema kumpokea, maana atakuwa amechoka. Kisha akaniuliza kama itafaa amletee nguo safi za kurudi nazo nyumbani.

Nikamwambia alete.